Toazi Lililooshwa

Toazi la mume wangu lilikuwa jeusi. Shaba yake haikuonekana hata kidogo. Lilikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, na pembezoni lilikuwa na ukijani kama wa bomba la zamani. Upana wake ulitosha sinia la kupakulia watu sita. Ukingo wake ulikunjwa kwenda juu kama ukingo wa kofia, na Thurman alilifunga kichwa chini juu ya stendi, ili kijiti kipige kwenye bega la ule mkunjo, kisipige kwenye makali. Wanamuziki waliliita China. Lilitoka kwa mzee Lucius, aliyemfundisha kupiga ngoma, na mzee Lucius alikuwa nalo tangu kabla ya vita. Tangu hapo hakuna mtu aliyelipitishia kitambaa.

Nataka kuieleza sauti yake kabla haijanitoka. Toazi la kawaida ukilipiga linaimba, sauti inatanda na kukaa hewani. Hili halikuimba. Ulisikia kwanza mlio mkavu wa kijiti, mti juu ya chuma, kisha nyuma yake pumzi chafu, kama mlango wa tanuru unaofunguliwa na kufungwa hapo hapo. Lilifumbua mdomo upesi na kuufumba upesi. Kwenye ukingo kulikuwa na ribiti nne, vijimisumari vilivyolegea matunduni, na pumzi ile ilipokatika, ribiti ziliacha mtatariko mdogo, kama mafuta ya nguruwe kwenye kikaango ukishazima moto. Thurman alikuwa akihesabu kwa kidole gotini. Alisema toazi zuri la aina ile lazima linyamaze kabla hujafika nne.

Hakumpigia kila mtu. Piano ilipopewa nafasi yake, Thurman alibaki kwenye toazi dogo la kushoto. Tarumbeta aliipa la kulia. Lakini Cleophus Rainey aliposimama na saksafoni yake nene, duru ya kwanza ya wimbo Thurman alimwacha apite peke yake, na duru ya pili mkono ulihama kwenda kwenye China. Chumba kizima kilikuwa kama kimeshuka ngazi moja. Watu waliacha glasi zao. Rainey aliniambia mara nyingi kwamba kupiga mbele ya toazi lile ni sawa na kuegemea ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa.

Nilikuwa nikilisikia sebuleni kwetu Homewood kila Jumamosi asubuhi kwa miaka thelathini na moja. Nilipika mayai nalo likiwa linafoka upande wa pili wa ukuta. Sikuwahi kulipenda hasa. Lilikuwa sauti ya nyumba yangu tu, kama bomba la joto linalogonga wakati wa baridi.

Thurman alifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma kwa miaka ishirini na sita, na muziki ulikuwa wa Ijumaa na Jumapili. Kiwanda kilifungwa mwaka themanini na mbili. Hewa ya Pittsburgh ikawa safi hivi kwamba mapazia yangu yalikaa meupe mwezi mzima. Kifua chake hakikusafika. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, alilazwa mara ya pili, wiki tatu, na daktari akaniambia nimpeleke nyumbani. Hakusema kwa nini nimpeleke. Sikumuuliza.

Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali nyingine. Mashuka yanakuja na mambo ya watu yote juu yake, na mimi nayarudisha meupe. Nimefanya hivyo tangu nina miaka ishirini na mbili, na nadhani ndicho kitu ninachokijua vizuri zaidi duniani. Kwa hiyo nilipoambiwa mume wangu anarudi, nilifanya ninachokijua. Nilisugua sakafu kwa magoti. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nilisugua birika, vitasa vya milango, fremu ya picha ya mama yake. Halafu nikaliona toazi.

Nilitumia alasiri mbili. Dawa ya shaba ilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyoganda, na ikigusa chuma ikawa nyeusi papo hapo. Nilimaliza vitambaa saba. Ule uchafu ulikuwa umekaa ndani ya mistari midogo, ile miduara iliyochongwa kiwandani, na nilitumia mswaki kuutoa mstari kwa mstari. Jioni ya pili lilikuwa linawaka kama tarumbeta mpya. Niliona maandishi ambayo sikuwahi kujua kama yapo. Nililiweka kwenye stendi yake, karibu na kiti chake, nikakaa kulitazama mpaka giza likaingia. Nilikuwa nimechoka sana, na nilikuwa na furaha.

Verlene, dada yake Thurman, alimleta Alhamisi kwa gari lake. Tulimpandisha ngazi sisi wawili, tukampumzisha mara mbili njiani. Alipokaa kwenye kiti alivuta pumzi kwa muda mrefu kabla hajatazama kitu. Halafu akalitazama toazi.

"Dess," akasema, "nipe kijiti."

Nilimpa. Aliinua mkono, ambao ulikuwa mwembamba kuliko wangu, akalipiga mara moja begani, mahali pake.

Sauti ilikuwa ndefu. Ilikuwa na ncha, ilienda mpaka dirishani ikarudi. Mimi niliiona nzuri. Nilikuwa namtazama usoni, sikumtazama mkono, lakini Verlene aliniambia baadaye kwamba kidole chake kilikuwa kinahesabu gotini, na kilifika tisa.

"Limeng'aa, Dess," akasema.

"Umelipenda?"

"Najiona mpaka masikio."

Akanirudishia kijiti. Akaomba supu. Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo, na hakulipiga tena. Nilidhani ni pumzi. Mtu asiyeweza kupanda ngazi atapigaje ngoma? Siku ya tatu alimpigia Rainey simu, nami nilikuwa jikoni, nikamsikia akicheka hadi kikohozi kikamkatisha. Nilishukuru kwamba bado anacheka.

Tulimzika tarehe ishirini na mbili Novemba, ardhi ikiwa imeanza kuwa ngumu.

*

Pale Magnolia, ukumbi wa wanamuziki wetu, kuna desturi. Kanisani mtu husifiwa, na hilo ni la kanisa. Jumapili ya pili baada ya mazishi, saa tisa alasiri, watu hukutana ukumbini, na huko hakuna kusifu. Chombo cha marehemu huwekwa jukwaani. Mwenzake mmoja, mmoja tu, husimama na kusimulia jambo moja la kipuuzi ambalo marehemu alilifanya. Likiisha, wanapiga wimbo mmoja, chombo kile kikipigwa na mtu mwingine, na yule aliyekipiga huondoka nacho. Ndivyo toazi lilivyomfikia Thurman.

Desturi nzuri, nilikuwa naipenda. Lakini jambo linalosimuliwa siku ile humganda mtu. Orville Teague alipiga piano miaka arobaini, na nimewaona wanaume wazima wakilia akipiga. Jumapili yake walisimulia alivyolala usingizi katikati ya harusi, paji la uso likiangukia funguo. Leo ukimtaja Orville, hakuna anayezungumzia mikono yake. Wanaangusha vichwa juu ya meza na kucheka.

Jumapili ya Thurman, saa sita mchana, Rainey alikuja kuchukua toazi. Alikuja na Skeet Tolliver, mpiga ngoma ambaye ndiye angelipiga. Rainey ni mtu mkubwa, anatembea kama anayehamisha kabati. Skeet ni mwembamba na hatulii, hata akikaa anagonga kitu. Verlene na mimi tulikuwa jikoni tunakaanga samaki wa kupeleka ukumbini.

"Shemeji," Rainey akasema mlangoni, "harufu hiyo nimeanza kuifuata tangu darajani."

"Ni ya ukumbini, usiguse."

"Nitagusa kimoja tu, nihakikishe hakina sumu."

"Cleophus, ukigusa samaki wangu nitakukata vidole, halafu tuone utabonyezea nini leo," Verlene akasema.

Skeet alikuwa ameshaingia sebuleni. Nilimsikia akisimama. Alivyosimama tu, nilijua kuna kitu, maana Skeet hatulii. Halafu nikasikia ukucha wake ukigonga ukingo wa toazi. Halafu kijiti, mara moja.

Ile sauti ndefu ikaja mpaka jikoni.

"Mungu wangu," Skeet akasema. "Kumbe ni kweli."

Rainey alikwenda sebuleni, nami nikamfuata na unga mikononi. Skeet alikuwa ameinama, pua yake karibu iguse chuma.

"Nilidhani ni utani," akasema. "Aliponiambia nikadhani Thurman ananitania. Angalia hapa, Rainey. Hata kwenye mistari. Hata kwenye mistari, bwana! Amelichimbua kama meno."

"Kuna nini?" nikauliza.

Wakatazamana. Rainey alivua kofia.

"Si kitu, shemeji. Ni mambo ya ngoma."

"Kuna nini kwenye toazi?"

Skeet alinieleza, kwa kuwa hajui kunyamaza. Alisema ule weusi haukuwa uchafu wa kufuta. Ulikuwa ni moshi wa sigara wa kumbi zote ambazo mzee Lucius alipiga, na jasho la mikono, na masizi ya kiwanda ambayo Thurman aliyaleta nyumbani nywelani kwa miaka ishirini na sita, na vyote vile viliingia kwenye mistari, vikakauka, vikalikamata toazi koo. Ndiyo maana lilinyamaza kabla ya nne. Ukiuondoa ule weusi, koo liko wazi. Linapiga kelele kama matoazi mengine tu, na ukingo wake uliokunjwa unazidisha ubaya, linakuwa kama mfuniko wa pipa ulioangushwa.

"Mpiga ngoma haoshi toazi la zamani," akasema. "Mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza. Bendi za maandamano, hao wanaosha, wanataka lionekane toka barabara ya pili. Lakini Thurman! Mwaka sitini na nane nililishika kwa vidole vyenye mafuta ya kuku, akanifukuza na kijiti mpaka nje. Kwa vidole tu!"

"Alikuambia nini?" nikauliza. "Umesema alikuambia."

"Si mimi, alimwambia Rainey, naye akaniambia."

Rainey alikuwa anazungusha kofia yake. "Alinipigia simu alipotoka hospitali. Akasema, 'Rainey, nimeliosha China.' Nikamwuliza, umelifanya nini? Akasema amekaa kitini hana la kufanya, mikono inamuwasha, akaona dawa ya shaba, akaliosha. Alicheka. Nikasema ugonjwa umepanda kichwani." Akatikisa kichwa. "Basi, hilo ndilo nitakalolisimulia leo. Nilikuwa na lile la mbuzi, lakini hili linalishinda. Miaka thelathini anatukataza hata kulipumulia, halafu mwenyewe analipaka dawa kama anauza."

"Thurman mwosha vyombo," Skeet akasema, na akacheka, lakini bado alikuwa analitazama toazi, na alicheka kama mtu aliyefiwa na kitu.

Walilifungua kwenye stendi, wakaliviringisha kwenye blanketi. Rainey alikula samaki wawili. Nilisimama mlangoni mpaka gari lao likapinda kona, unga ukikauka mikononi mwangu.

*

Nilimwambia Verlene. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Aliendelea kugeuza samaki. Aligeuza wote kwenye kikaango, akapunguza moto, akaketi.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Alasiri mbili. Nilitumia mswaki wake."

"Na yeye alijua."

"Alijua aliposikia."

"Na akasema ni yeye." Verlene alijifuta uso na aproni. "Huyo ndiye kaka yangu. Akiwa na miaka tisa alisema ni yeye aliyevunja dirisha la kanisa, na dirisha nililivunja mimi. Alichapwa mpaka nikalia mimi." Akanitazama. "Basi nyamaza, wifi. Amekufunika. Usijifunue."

"Watamwita mwosha vyombo."

"Amekufa, Odessa. Hasikii."

"Mimi nasikia. Nitasikia mpaka nife. Kila nikipita pale Magnolia mtu atasugua meza kwa kiwiko na wengine watacheka, na hakuna atakayekumbuka alivyokuwa akihama duru ya pili."

"Na wewe ukisimama useme? Wale wanawake wa pale watakula nini mpaka Pasaka? Watakula wewe."

Nilijua ni kweli. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Miaka yote ile nilikaa meza ya pembeni, karibu na mlango wa jikoni, na Thurman alikuwa akinitafuta kwa macho kati ya nyimbo. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na nne na sikuwahi kushika kipaza sauti.

Halafu kulikuwa na lile lingine ambalo sikumwambia hata Verlene. Siku kumi na tisa. Alikuwa na siku kumi na tisa, na toazi liko karibu na mkono wake, na hakuna sauti ya kwake ndani ya nyumba. Alikaa akilitazama liking'aa. Kila asubuhi niliuliza, "Nikupe kijiti?" naye akasema, "Acha kwanza, Dess. Limependeza hivyo." Niliona ni sifa. Nikaenda kazini kila siku nikiwa na raha kidogo kwa sababu ya maneno hayo.

Tulifunga samaki kwenye karatasi tukaenda.

*

Ukumbi ulijaa. Mabomba ya joto yalikuwa yanagonga. Mboga na mifupa ya nguruwe, mkate wa mahindi, pai za viazi vitamu, vyote vilikuwa vimepangwa ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mpaka wimbo uishe. Toazi lilikuwa jukwaani peke yake chini ya taa, na waliokuwa hawajaliona walikuwa wananyoosheana vidole. Nilisikia mwanamke nyuma yangu akisema, "Wamenunua jipya?" na mwanamume akajibu, "Ngoja Rainey asimulie."

Nilikaa kwenye meza yangu ya pembeni. Walinitaka nikae mbele, nikakataa.

Rainey alipanda. Alivua kofia, akajifuta kipara, watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, maana ndivyo alivyo.

"Mnamjua Thurman Gaddis," akasema.

"Tunamjua!"

"Mnamjua alivyokuwa na hili toazi. Nani hapa amewahi kufukuzwa?"

Mikono kumi, kumi na miwili ikapanda. Skeet kwenye ngoma aliinua miguu yote miwili. Watu wakacheka.

"Sasa nisikilizeni. Mwishoni mwa mwezi wa kumi, Thurman ametoka hospitali, amekaa nyumbani kama mfalme. Ananipigia simu..."

Nilisimama. Sikuamua. Nilikuwa nimekaa, halafu nilikuwa nimesimama, na kiti kilianguka nyuma yangu, na watu wote wakageuka.

"Si yeye," nikasema.

Rainey alinitazama. "Shemeji?"

"Si yeye aliyeliosha. Ni mimi. Yeye alikuwa hospitali. Nililiosha kwa dawa ya shaba nikitaka akirudi alikute zuri. Sikujua. Nimeishi nalo miaka thelathini na moja na sikujua." Sauti yangu haikuwa inafika, mtu akasema "Kwa nguvu, dada," nikarudia. "Ni mimi. Thurman alilipiga mara moja, akasema limeng'aa, akaomba supu. Alichokuambia kwenye simu si kweli. Usimsimulie kwa hilo."

Hakuna aliyecheka. Mabomba yaligonga. Nilimwona Verlene ameziba mdomo.

Halafu mzee mmoja wa mezani pa mbele, mpiga besi wa zamani, akauliza, "Ulitumia nini kwenye mistari?"

"Mswaki."

"Mswaki wa nani?"

"Wake."

"Basi alisafishwa meno na toazi kwa pamoja," akasema, na hapo wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kinanijia mimi, hakikuwa kinamwendea Thurman. Kilikuwa kizito. Nilikipokea. Mwanamke nyuma yangu alisema kwa sauti ya kusikika, "Mume mgonjwa, na yeye anasugua vyuma," na hilo nalo nililipokea, kwa sababu lilikuwa kweli.

Rainey hakucheka. Alikuwa bado amesimama, kofia mkononi.

"Alicheka kwenye simu," akaniambia, kana kwamba tuko wawili tu. "Alicheka sana."

"Nilimsikia."

"Kwa hiyo alikuwa ananidanganya huku anacheka."

"Ndiyo."

Aligeuka. "Basi mimi sina jambo," akawaambia watu. "Nilikuwa na hilo tu."

"Simulia la mbuzi!" mtu akapaza sauti.

"La mbuzi si la leo."

"Kaa chini basi upige, samaki wanapoa!"

Akavaa kofia, akachukua saksafoni.

Walipiga wimbo wa polepole ambao Thurman aliupenda. Duru ya kwanza Rainey alipita peke yake. Nilijishika kwenye ukingo wa meza. Duru ya pili Skeet alihamisha mkono.

Lilikuwa baya. Naandika kama lilivyokuwa. Kila pigo lilibaki hewani, na pigo lililofuata likapanda juu ya lile ambalo halijaisha, mpaka ikawa kelele moja nyeupe, na saksafoni ya Rainey ikawa inatafuta pa kupita kama mtu kwenye kundi la watu. Alisogea hatua mbili pembeni. Skeet alijaribu. Alipeleka kijiti karibu na kitovu, akapunguza, akaingiza vidole vya mkono wa kushoto chini ya ukingo kulibana, akipiga kwa mkono mmoja tu. Likapungua kidogo. Jasho lilikuwa linamtoka. Mwishoni aligusa mara moja tu katika kila mstari wa wimbo, taratibu, akaacha liishe lenyewe.

Na hapo, likiwa linaisha, nilizisikia ribiti. Kitambaa changu hakikufika chini ya vichwa vya ribiti. Zile nne zilibaki nyeusi. Mtatariko ulikuwa ule ule, mafuta kwenye kikaango ukishazima moto. Ulikuwa mdogo mno, na mabomba yaliufunika nusu. Niliusikia mara tatu. Kisha wimbo ukaisha na watu wakaenda kwenye chakula.

*

Desturi ilikuwa kwamba Skeet aondoke na toazi. Alinijia na blanketi nikiwa nakusanya sahani.

"Silichukui, shemeji."

"Ni lako. Ndivyo inavyokwenda."

"Nitalifanyia nini? Nikilipiga nitakuwa nakukasirikia kila siku, na mimi nakupenda." Akagonga sahani kwa ukucha. "Kuna wanaofukia. Unachimba bustanini, unaliweka, unalifukua mwaka ujao. Mzee Lucius alikuwa akisema hao ni wajinga, udongo unakula shaba. Alisema toazi linataka kuishi na watu."

"Na watu gani? Mimi niko peke yangu."

"Unapika?"

"Napika."

"Liweke jikoni. Karibu na jiko, bila kulifunika. Kaanga samaki, kaanga nyama, choma mkate ukitaka. Usilifute. Nakuomba, shemeji, hata vumbi. Weka mikono yako mfukoni."

"Litachukua muda gani?"

Alilikunja blanketi. "Lucius alianza mwaka thelathini na saba."

"Sina miaka hiyo, Skeet."

"Najua," akasema. "Hata mimi sina."

Rainey ndiye aliyelipandisha ngazi zangu jioni ile. Aliliweka kwenye stendi, kati ya jiko na dirisha, akakaza nati, akaondoka. Alikuwa na samaki mmoja kwenye leso.

Sasa ni Aprili. Magnolia wananitania bado. Mpiga besi yule akiniona ananionyesha meno yake. Juu ya Thurman wanasimulia la mbuzi, na wakimaliza, kuna mtu husema, "Lakini duru ya pili, eh?" na wengine huitikia kwa kichwa. Hilo nililitaka na nimelipata.

Nikirudi kutoka kazini mikono yangu inanuka sabuni. Naketi jikoni na koti likiwa mwilini. Toazi limeanza kufifia upande wa jiko, kuna ukungu wa mafuta kama wa dirisha la mgahawa, na vumbi limeshika juu yake. Mara mbili nimekuta kitambaa kiko mkononi na sijui nilikichukua saa ngapi. Nimehamisha vitambaa vyote kwenye kabati la chini.

Ijumaa nakaanga samaki, hata kama sina njaa. Nikimaliza nazima moto, nachukua kijiti, nalipiga mara moja begani, mahali pake, na kuhesabu kwa kidole gotini. Siku aliyorudi lilifika tisa. Ijumaa iliyopita nilihesabu nane. Inawezekana nilihesabu pole pole. Nilikuwa nimechoka.